Acheni kumwaga siki kwenye maji ya sabuni, mnaharibu nguo za watu!

Wakuu, huu ushauri wa "tia siki tu, nguo zitalainika" umetuchosha. Siki gani? Kiasi gani? Itiwe saa ngapi? Hakuna anayesema, halafu taulo zikitoka zinanata lawama inaangukia siki.

Kosa kubwa ni kuiweka beseni moja na sabuni. Sabuni ya mche ikikutana na asidi inavunjika, na yale mafuta iliyotengenezewa yanarudi kuwa mafuta na kung'ang'ania kwenye nyuzi. Hapo umeipaka nguo mafuta, hujaifua. Na wale wa "changanya siki na magadi mpaka ichemke", lile povu ni asidi na magadi vinauana. Kinachobaki hakina kazi.

Siki inaingia kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia, basi. Ndoo ya lita 20, siki nyeupe ya asilimia 5, mililita 120 hivi, yaani vijiko vikubwa 8. Loweka dakika 15, kamua, anika penye upepo. Harufu inaisha nguo ikikauka. Siki ya kahawia ibaki kwenye kachumbari, ina rangi. Ile kali inayouzwa ili uizimue mwenyewe, izimue kwanza.

Wenye mashine, kiasi hichohicho kitie kwenye kijisanduku chenye alama ya ua, siyo pa unga wa sabuni. Mashine itaichukua yenyewe kwenye suuza ya mwisho. Ila siyo kila fuo! Asidi inakula mpira wa mlango.

KLORINI: siki ikikutana na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe yenye klorini inatoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Hata nguo iliyolowekwa kwenye dawa hiyo, isuuze mpaka iishe kabisa kabla siki haijaigusa. Anayeshauri vyote viwili pamoja afungiwe akaunti.

Sasa lile msilotaka kusikia: nguo zikikakamaa, tatizo mara nyingi ni unga mwingi. Mtu anatia kwenye mashine unga wa kufulia kwa mkono, wenye povu jingi. Povu linazuia nguo zisisuguane, na maji ya kusuuza hayalimalizi. Chukua taulo safi, kavu, litumbukize kwenye maji vuguvugu bila sabuni, lifikiche. Likitoa povu, sabuni imo. Dawa yake ni maji: suuza mpaka povu liishe, na fuo lijalo punguza unga nusu. Siki inayeyusha chokaa ya maji magumu ya kisima na kupoza ukali uliobaki wa unga, haifanyi kazi ya kusuuza kwa niaba yako. Kama unafulia maji ya mvua na nguo bado zinakakamaa, usiitafute siki, angalia kipimo chako cha unga.

Mwenye vipimo tofauti aviweke hapa, na ataje maji yake ni ya bomba, kisima au mvua. Bila hivyo asitusumbue.