Mafundi wa hapa Tanga, breki ikilia dawa yenu ni pedi mpya tu?

Wakuu, leo nina hasira, nivumilieni.

Toyota IST yangu inalia breki tangu Ramadhani. Ule mlio mwembamba, kwiiii, ukikanyaga taratibu, mpaka pale Chumbageni mama lishe anaacha kugeuza chapati anitazame. Nikaipeleka kwa fundi mmoja Ngamiani. Tairi hakufungua. Alisikiliza akiwa amekaa kwenye benchi lake, akasema, "Pedi zimekwisha hizo, shekhe." Haya. Pedi elfu 35, ufundi elfu 10. Kelele zikatulia siku mbili, ya tatu zikarudi. Mji wetu husifiwa kwa waja leo waondoka leo, ila hizi zilikuja zikaweka makazi.

Nikarudi. "Pedi za mchina hizo, tafuta nzuri." Na dukani tulikwenda naye, aliyezichagua ni yeye! Za pili elfu 60. Wiki moja ya raha, kisha kwiiii. Nikavumilia miezi miwili. Mara ya tatu ananiambia eti ni diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi, ninunue mpya mbili. Hapo nikawasha gari nikaondoka.

Jumamosi nikaifungua mwenyewe nyumbani Sahare, chini ya mwembe. Nikalegeza nati kwa spana ya 21 gari likiwa bado chini, mawe nyuma ya tairi za nyuma, ubao chini ya jeki maana mchanga wetu huu jeki inazama, na stendi ya kushikilia gari. Msiamini jeki peke yake, tafadhali.

Sasa sikieni nilichokikuta. Pedi ya nje bado nene, kama milimita 9. Ya ndani, gurudumu hilohilo, imeliwa hadi 5! Pedi ikifika 3 ni ya kutoa, kwa hiyo kwa mwendo huo nisingefika mbali. Mtu yeyote aliyeshika spana akiona hivyo anajua kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, haitembei. Kalipa hizi zinakaa kwenye pini mbili za kuteleza: pistoni inasukuma pedi ya ndani, halafu kalipa nzima inajivuta kuleta ya nje. Pini zikikauka, ya ndani inabaki inasugua diski hata mguu ukiwa umeshatoka kwenye breki. Pini ya chini nilihangaika nayo nusu saa ndiyo ikatoka, nyekundu kwa kutu, haina hata harufu ya grisi. Pedi zimebadilishwa mara mbili, na pini hajaigusa mtu.

Lakini hilo bado dogo. Nyuma ya pedi huwa kuna vibati vyembamba, na pembeni klipu zinazoshika masikio ya pedi. Kwangu hamna hata kimoja. Nikampigia simu yule fundi. Anajibu bila wasiwasi, "Zile nilitoa, zinabana pedi, hazina kazi." Hazina kazi! Breki inalia kwa sababu pedi inatetemeka kwa kasi kwenye diski, na hivyo vibati ndivyo vinavyoumeza huo mtetemo. Yaani nimemlipa mtu aniwekee kelele.

Klipu na vibati nilivipata kwa wauza spea za mtumba, elfu 5. Nikasugua kutu kwa brashi ya waya, uso wa pedi uliokuwa unang'aa kama kioo nikaupitisha msasa kidogo, vumbi nikalilowesha kwa maji ya sabuni (gereji wanapuliza kwa mdomo, mapafu yao wenyewe). Kwenye pini nikatia grisi ya silikoni ya breki. Ile ya beringi hapana, inavimbisha mipira inayofunika pini. Nyuma ya pedi nikapaka kidogo sana, usoni hata tone lisiguse. Kalipa nikaifunga kwa waya isining'inie kwenye mpira wa oili. Baada ya kurudisha kila kitu nikapampu kanyagio mpaka likawa gumu, ndipo nikawasha. Ukisahau hilo, breki ya kwanza haishiki.

Nimezunguka barabara ya Pangani mpaka jioni, kimya. Asubuhi inakwaruza breki mbili tatu za mwanzo, hiyo ni kutu ya usiku na unyevu wa bahari, siihesabu.

Elfu 5 na grisi, wakuu. Yeye alishakula laki na ushee.

Kilichobaki ni upande wa kushoto: mpira unaofunika pini umechanika, maji yanaingia, na kutu itarudi. Maduka mawili yameniambia mpira hauuzwi peke yake, ninunue kalipa nzima. Kalipa nzima kwa mpira wa ukubwa wa kidole! Nani anajua duka hapa mjini lenye ile seti ya mipira ya kalipa? Au niagize Dar?