Mjadala: Neno likatwe mwisho wa mstari, au tuvumilie mianya mipana kati ya maneno?

Mimi nasema likatwe.

Jarida la mtaa wetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, hupangwa safu mbili, kingo zote zimenyooshwa. Mstari mmoja unabeba herufi kama 30. Likija "tutakapowaandikisha", lenye herufi 19 peke yake, na lisienee, programu hulishusha zima. Juu yanabaki maneno mawili, moja liko Kisiwani, jingine Likoni.

Ni hesabu tu. Nafasi iliyobaki hugawiwa mianya iliyopo, na maneno yetu marefu huacha mianya michache. Microsoft Word, usipoiamuru, haikati neno kabisa. TeX, programu ya kupanga kurasa ya Donald Knuth, kwa njia aliyoichapisha na Michael Plass mwaka 1981, huipima aya nzima kwanza: hukubali mstari wa juu ubanwe kidogo ili wa chini usiachane. Lakini hata hiyo, isipopata pa kukata, itafanya nini? (Hati ya Kiarabu, iliyobeba tenzi nyingi za pwani hii, huruhusu kurefusha kiungo cha herufi badala ya kupanua mwanya. Kwa herufi za Kilatini hatuna njia hiyo.)

Maalim mmoja amenijibu kwamba neno lililokatwa humpoteza mtoto anayejifunza kusoma, na akanionyesha "wanafun-zi" kwenye ukurasa wetu wenyewe.

Maalim, kwa heshima zote: hilo limeniudhi kuliko lilivyokuudhi wewe. Lakini kosa si kukata. Programu iliachwa kwenye kanuni za Kiingereza. Silabi yetu kwa kawaida huishia irabu, wa-na-fu-nzi, na ndivyo mtoto anavyofundishwa: ba, be, bi. Maneno ya mkopo kama daf-ta-ri tuyaorodheshe kando, programu iyajue. Na ng' isitenganishwe kamwe.

Kwa vitabu vya wanaoanza kusoma nakubaliana nawe: ukingo wa kulia uachwe bila kunyooshwa, neno libaki zima. Jarida la watu wazima ni jambo jingine.

Wenzangu wa kazi hii, majina ya watu mnayafanyaje? Mimi kwenye tangazo la tanzia jina la marehemu silikati, hata mwanya uwe mpana vipi. Afadhali niandike sentensi upya.