Kompyuta mpakato haiwaki kabisa, na taa ya chaja huzimika ninapoichomeka

MwalimuPongwe

Habari za jioni ndugu wataalamu. Ninafundisha sekondari hapa Tanga, na kompyuta mpakato yangu ya miaka minne imegoma kuwaka tangu Jumapili. Usiku huo nilikuwa ninaingiza alama za mtihani wa moko wa kidato cha nne. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena mara mbili tatu kwa haraka. Asubuhi nilipobonyeza kitufe cha kuwasha hakuna kilichotokea: feni haizunguki, hakuna taa hata moja, kioo ni cheusi.

Kuna jambo moja linalonishangaza. Chaja ina taa ndogo ya kijani kwenye boksi lake. Nikiichomeka ukutani taa inawaka vizuri, lakini mara tu kichwa chake kinapoingia kwenye kompyuta taa huzimika, na hairudi mpaka niichomoe ukutani na kusubiri kidogo.

Fundi niliyempelekea aliitazama bila kuifungua, akasema mazabodi (bodi kuu ya ndani) imekufa, na bei aliyonitajia inakaribia nusu ya fedha niliyonunulia mashine yenyewe. Kinachoniuma zaidi ni zile alama, kwa sababu sikuwa nimezinakili mahali pengine, na zinatakiwa Ijumaa. Je, kuna njia ya kulijua tatizo kwa hakika kabla sijakubali kulipa?

Karafuu77

Pole sana Mwalimu. Yangu iliwahi kugoma hivyo, na dawa yake ilikuwa RAM, yaani kipande cha kumbukumbu ya muda. Fungua mfuniko wa chini, itoe RAM, sugua miguu yake ya rangi ya dhahabu kwa raba safi ya penseli, pangusa vumbi la raba, kisha irudishe mpaka uisikie imebana. Tangu siku hiyo haijanisumbua tena.

MkonoWaLehemu

Mwalimu, pole kwa usumbufu. Ndugu Karafuu77 amesema jambo la kweli, ila linahusu ugonjwa mwingine, na ninaomba tuyatenganishe kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha.

Mtu anaposema kompyuta haiwaki, anaweza kuwa na maana tatu tofauti. Ya kwanza ni mashine isiyopata umeme hata kidogo, kama yako. Ya pili ni mashine inayopata umeme, taa zinawaka na feni inazunguka, lakini kioo hakionyeshi kitu. Huko ndiko RAM hushukiwa kwanza, na huko ndiko tunakomulika kioo kwa tochi kwa upande gizani kuona kama picha ipo ila taa ya nyuma ya kioo imekufa, au tunaunganisha televisheni kwa waya wa HDMI. Ya tatu ni ile inayoonyesha nembo ya mtengenezaji kisha ikasema haioni diski ya kuwashia. Wewe uko kwenye la kwanza, na kusugua RAM hakutarudisha taa ya chaja.

Taa hiyo ndiyo shahidi wako mkubwa. Chaja hizi zina ulinzi ndani yake: zikikuta mzigo unaovuta umeme kupita kiasi, hujizima zenyewe. Kwa hiyo ama chaja imechoka na haiwezi tena kubeba mzigo wowote, ama ndani ya kompyuta kuna shoti. Usidanganywe na kipimo cha mita peke yake. Chaja ya volti 19.5 na wati 65 inapaswa kuweza kutoa ampia 3.33, lakini chaja mbovu inaweza kuonyesha volti 19.5 kamili ikiwa haijabeba chochote, kisha ikaanguka mara inapopewa kazi. Njia ya uhakika ni kubadilishana: tafuta mwenzako mwenye kompyuta inayotumia chaja ya aina hiyo hiyo, volti zile zile na wati zisizopungua za kwako, ujaribu chaja yake kwenye mashine yako na yako kwenye mashine yake.

Ikiwa chaja ni nzima, fungua mfuniko wa chini, au msimamie fundi afungue mbele yako. Ukikuta betri imevimba, simama hapo hapo, usiibonyeze wala kuichokonoa kwa bisibisi. Kama iko sawa, chomoa plagi yake kwenye mazabodi, kisha shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki uishe, halafu jaribu chaja peke yake. Mara nyingine hilo tu huamsha mashine iliyoganda.

Likishindikana, angalia tundu la chaja. Kwenye mashine nyingi tundu hilo halikulehemiwa kwenye mazabodi. Lina waya mfupi unaoishia kwenye plagi ndogo. Ichomoe plagi hiyo kutoka kwenye mazabodi, kisha ingiza chaja kwenye tundu likiwa peke yake. Taa ikizimika hata hapo, shoti iko kwenye tundu au waya wake, na hicho ni kifaa cha bei ndogo sana. Taa ikibaki inawaka, shoti iko kwenye mazabodi yenyewe. Ninasisitiza jaribio hili kwa sababu linachukua dakika tano, na nimewahi kuona mtu akinunua mazabodi nyingine kwa kosa la pini iliyopinda ndani ya tundu.

BintiKisosora

Mwalimu, mimi ninashughulika na data, kwa hiyo nitasema juu ya alama zako tu. Alama haziko kwenye mazabodi, isipokuwa kwa mashine chache ambazo hifadhi yake imelehemiwa moja kwa moja. Ukifungua mfuniko, tafuta kipande chembamba mfano wa kijiti cha bigijii, chenye urefu wa sentimita 8 na upana wa sentimita 2.2, kilichobanwa na skrubu moja mwishoni. Hiyo ndiyo diski. Inaweza kutolewa na kutiwa kwenye kasha la USB, kisha kusomwa kwenye kompyuta nyingine, hata kama mazabodi haitapona kamwe. Unaponunua kasha nenda na diski yenyewe mkononi, kwa sababu ziko za NVMe na za SATA, aina mbili za kuwasiliana na kompyuta, zinafanana kwa umbo lakini kasha la moja huenda lisiisome nyingine.

Jambo la pili: ikiwa unatumia Windows 11 na uliingia kwa akaunti ya Microsoft, inawezekana diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, bila wewe kujua. Kompyuta nyingine itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Usiogope wala usikubali mtu aifute diski. Ingia kwenye akaunti yako kwa simu, na mara nyingi utaukuta ufunguo huo umehifadhiwa humo. Ninakuomba ufanye hili kabla ya matengenezo yoyote.

MwalimuPongwe

Ninawashukuru sana. Naleta majibu kama mlivyoniagiza.

Mwalimu mwenzangu ana mashine kama yangu. Chaja yake nayo ilizimika ilipoingia kwenye kompyuta yangu, na chaja yangu imechaji ya kwake tangu asubuhi bila tatizo. Mfuniko tuliufungua pamoja na kijana wa maabara ya kompyuta. Betri haijavimba. Tulipoichomoa hakuna kilichobadilika. Tulipoichomoa plagi ya tundu la chaja, taa ya chaja ilibaki inawaka, na tulipoirudisha ikazimika papo hapo.

Diski nimeitoa na kuitia kwenye kasha. Ilidai ufunguo kama dada alivyosema, nikaukuta kwenye akaunti yangu. Alama zote zipo hadi safu ya mwisho niliyoandika kabla umeme haujakatika. Dada, Mungu akubariki, nilikuwa silali.

Sasa swali langu kwa MkonoWaLehemu: ikiwa shoti iko kwenye mazabodi, je, yule fundi alikuwa sahihi?

MkonoWaLehemu

Alipataja mahali pa ugonjwa bila kupima, lakini kutoka hapo kwenda kwenye kubadilisha mazabodi nzima ni mbali. Umeme wa chaja na wa betri huingia kwenye njia kuu moja, ndiyo sababu hata betri ikiwa na chaji mashine haiwaki. Kwenye njia hiyo kuna kapasita (vifaa vinavyotunza umeme kwa muda mfupi) nyingi ndogo za kauri, za rangi ya kahawia, na mojawapo ikivunjika ndani huunganisha njia nzima na ardhi, yaani upande hasi wa umeme. Kapasita moja ndogo kuliko punje ya mchele inaweza kuifanya mashine ionekane maiti.

Tafuta fundi mwenye usambazaji umeme wa mezani, ule wa kupanga volti na ampia. Atapima kwanza ukinzani kati ya njia kuu na ardhi. Ikiwa ni chini ya omu moja au mbili, shoti imethibitika. Kisha ataingiza volti 1 tu kwenye njia hiyo, si 19, na hili mwambie kwa upole lakini usiliache: kama kilichoungua ni transista (swichi ndogo ya umeme) ya upande wa prosesa, ubongo wa kompyuta, volti nyingi zitapita moja kwa moja na kuiua prosesa. Atapaka spiriti juu ya eneo hilo, na penye shoti hupata joto, spiriti ikakauka hapo kabla ya pengine. Mwombe akuonyeshe, mtu anayejua kazi hataficha.

Kwa kuwa uko pwani, mwombe pia asafishe ukungu wa kijani popote atakapouona. Unyevunyevu wenye chumvi hula miguu ya vifaa hivi polepole.

MwalimuPongwe

Imewaka. Nilikaa pembeni ya meza yake na kuona kwa macho yangu: spiriti yote ilibaki inang'aa, ila doa moja la ukubwa wa kichwa cha pini karibu na tundu la chaja likakauka mara moja. Mita ilikuwa imesoma omu 0.4. Aliiondoa kapasita hiyo, akapima tena, shoti haikuwepo, na chaja ilipoingia taa haikuzimika. Hakuwa na kapasita ya kurudishia. Amesema mashine itafanya kazi bila hiyo. Je, ni kweli?

MkonoWaLehemu

Ni kweli kwa sasa, kwa sababu ziko kadhaa sambamba kwenye njia ile ile na zilizobaki zinabeba kazi yake. Hata hivyo zinalainisha umeme, na ingekuwa bora irudishwe atakapopata. Mwambie atoe moja kwenye mazabodi chakavu, kutoka njia kuu kama hiyo hiyo, yenye uwezo unaolingana na inayostahimili volti 25 au zaidi. Akiweka ya volti 16 itaungua tena.

Na diski ikisharudi mahali pake, betri ichomekwe mwisho.