Mrejesho: vijana wetu na mbio za nyika

Wakuu, niliwauliza hapa: vijana wetu wa Dar wajiandaeje kwa mbio za nyika Arusha, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Asanteni mliosema tutumie kipupwe, Juni hadi Agosti. Alfajiri tulikuwa mchangani Coco Beach, Jumamosi vilima vya Pugu. Mchanga ndio uliojenga miguu hasa. Ushauri wa kukimbia peku niliukataa. Vipande vya chupa kule si mchezo.

Nauli wazazi walichanga. Wavulana, kilomita 8, walitoka kwa pupa, pumzi ikakata mapema. Wasichana, kilomita 6, walitulia; mmoja kaingia kumi bora huku soli ya kiatu cha kushoto imeachia, inapigapiga chini kila hatua. Sasa tunamtafutia viatu, saizi 38.