Gemu inasema asilimia 1, tumefungua maboksi 600 hapa Moshi tukapata dhahabu 1. Tuonyesheni hesabu!

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nina hasira, mnivumilie. Naongelea yale maboksi ya kulipia ndani ya gemu ya simu: unalipa, unafungua, hujui kitatoka nini, na kitu cha dhahabu ndicho adimu.

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko Pasua. Mbali na kubadilisha vioo na betri nilikuwa nauza almasi za gemu, yaani pesa ya ndani ya gemu ya kununulia maboksi. Dogo anakuja na 2,500, namwekea almasi 100 kwenye akaunti yake, nami nabaki na faida kidogo. Sikuona ubaya wowote. Mwezi wa tatu akaja mama mmoja anayeuza ndizi soko la Mbuyuni, ameshika simu yake, na mwanaye wa kidato cha pili yuko nyuma yake. Hakunifokea. Alinionyesha meseji za miamala, moja baada ya nyingine, akaniuliza: "Baba, hizi zote zimekuja kwako?" Zote zilikuja kwangu. Tulihesabu pale pale: miamala 27, jumla 67,500. Ni mtaji wake wa ndizi.

Nikamuuliza dogo alikuwa anatafuta nini. Akajibu bila kusita: "Skini ya dhahabu, bro, lile vazi la mchezaji. Inatoka moja kwenye mia. Nimeshafungua tisini, zimebaki kumi tu itoke."

Zimebaki kumi tu! Huyu mtoto si mjinga, darasani hesabu anafaulu. Ameiona asilimia 1 kwenye skrini, akaielewa vile ambavyo watu wengi wangeielewa, na waliotengeneza gemu wanajua fika kwamba ndivyo itakavyoeleweka. Ukweli ni kwamba kila boksi linaanza upya. Boksi la 91 halina habari na yale 90 uliyofungua. Chukua 0.99, ndiyo uwezekano wa kukosa kwenye boksi moja, izidishe yenyewe kwa yenyewe mara 100, unabaki na kama 0.37. Yaani vijana 100 wakifungua maboksi 100 kila mmoja, kama 37 wanatoka mikono mitupu. Zipo gemu zinazoahidi kwamba ukifikisha idadi fulani lazima upewe. Hii haina ahadi hiyo. Nilimwandikia dogo hesabu nyuma ya kasha la chaja, akaniangalia kama nambania skini yake.

Na hapo nimechukulia kwamba hiyo asilimia 1 ni ya kweli.

Nikasema ngoja tuipime. Tulikuwa watu watano pale kijiweni, wote tunacheza, wote tulikuwa tunanunua maboksi hata hivyo. Nikanunua kaunta buku, nikapiga mistari: tarehe, saa, akaunti ya nani, kilichotoka. Sharti lilikuwa moja, kila boksi liandikwe, hata la upuuzi. Maana kosa la watu wengi ni kukumbuka siku walizopata na kusahau siku walizokosa, au kuanza kuandika baada ya kukasirika, halafu hesabu inapinda. Wiki nane, maboksi 600. Boksi moja ni almasi 30, kwa hiyo ukinunua almasi 100 unafungua matatu na zinabaki 10 zisizotosha kitu, unarudi kununua tena. Hilo nalo limepangwa, wakuu, msidhani ni bahati mbaya. Jumla zimetutoka 450,000.

Kwa asilimia 1 tulitarajia dhahabu 6 hivi. Tumepata 1. Na hiyo 1 haikuwa ile skini iliyopigwa picha juu ya boksi, ilikuwa parachuti. Kumbe asilimia 1 ni ya kundi zima la vitu vya dhahabu, na ndani ya kundi kila kitu kina uwezekano wake wa kutoka ambao hawauandiki popote. Picha ni ya skini, namba ni ya kundi. Muuza nyanya akipanga nzuri juu na mbovu chini tunamwita mwizi mchana kweupe.

Najua kuna watakaosema mlikosa bahati tu. Sawa, nimeipiga na hiyo. Kama asilimia 1 ni ya kweli, vikundi 1,000 kama chetu vikifungua 600 kila kimoja, kama 17 vingeambulia 1 au kukosa kabisa. Kwa hiyo inawezekana tumo kwenye hao 17. Siwezi kuapa kwamba wametudanganya. Kinachoniuma ni kwamba mimi, na kaunta buku langu lote, siwezi kutofautisha bahati mbaya na uongo, wakati wao wana kila boksi lililowahi kufunguliwa limehifadhiwa kwenye seva. Niliwaandikia mara tatu naomba kumbukumbu za akaunti zetu tano tu. Mara zote tatu nimejibiwa sentensi ile ile: matokeo ni ya nasibu, asante kwa kucheza nasi.

Halafu lile gurudumu la kwenye skrini ukifungua boksi. Linazunguka, linapunguza mwendo, dhahabu inapita polepole mbele ya macho yako, linasimama kwenye kitu cha pili yake. Kijiwe kizima kinapiga kelele "aaah, chupuchupu!" na mtu anafungua jingine. Siku moja mtandao ulikata gurudumu likiwa katikati, bado linazunguka kwa kasi. Nikafunga gemu, nikawasha data ya laini nyingine, nikaingia: kitu tayari kimo kwenye begi langu. Gurudumu halijasimama, zawadi imeshatolewa! Yaani ukibonyeza tu seva imeshaamua, lile gurudumu ni picha ya kukuchezea moyo. Ile chupuchupu haikuwahi kuwepo.

Na msiniambie kampuni kubwa haziwezi kuchezea namba. Korea Kusini, Januari 2024, Tume ya Biashara ya Haki iliipiga kampuni ya gemu ya Nexon faini ya won bilioni 11.6 kwa sababu kwenye gemu yao ya MapleStory walishusha uwezekano wa vitu vilivyopendwa bila kuwaambia wachezaji, na vingine waliviweka sifuri. Sifuri! Watu walinunua kwa miaka kitu ambacho hakikuwa kinatoka. China kuanzia Mei 2017 kampuni za gemu zililazimishwa kutangaza uwezekano na kutunza matokeo ya maboksi kwa siku 90 na zaidi. Ubelgiji mwaka 2018 walisema maboksi ya kulipia ni kamari, basi.

Hapa kwetu dubwi, ile mashine ya kamari, likiwekwa dukani lazima liwe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuligusa. Simu ya mama yake je? Anabonyeza kitandani saa tano usiku, nani anamuuliza umri? Mimi mwenyewe niliyemuuzia sikumuuliza, na hilo linanikera kuliko yote. Mama nilimrudishia faida yangu yote na nikaongezea kidogo nilichokuwa nacho. Hizo nyingine zimeshafika kwa wenye gemu, hazirudi. Almasi nimeacha kuuza, bango nimelitoa.

Ninachotaka ni vitu viwili tu: uwezekano wa kila kitu uandikwe kimoja kimoja, si wa kundi, na kila mchezaji aweze kupakua kumbukumbu za maboksi yake mwenyewe. Kama namba zao ni safi hawapotezi chochote.

Kurasa zote 24 za kaunta buku nimezipiga picha, nazipandisha hapa chini, mkague na mnisahihishe. Mwenye rekodi zake aziweke pia, ila ziwe zimeandikwa tangu boksi la kwanza, za kukumbuka kichwani hapana. Tajeni na aina ya simu na mlinunua lini. Jumapili jioni naanza kujumlisha.