Mjadala: hali ya bidhaa kwenye mnada wa mtandaoni iwe klasi, enamu au maneno ya muuzaji?

Wakuu, vijana tunaoandika programu za mnada hapa Mwanza tumegawanyika. Mpya, mtumba, imerekebishwa, mbovu: haya yakae wapi kwenye msimbo? Klasi ni kiolezo cha kuundia vitu kwenye programu; enamu ni orodha fupi ya majibu yaliyopangwa, unachagua moja. Msimamo wangu ni kwamba hali si aina ya bidhaa. Ni kauli ya mtu fulani, ya siku fulani.

Wapo wanaopenda urithi, yaani klasi moja kuzaa nyingine: Simu, kisha SimuMpya, SimuMtumba, SimuMbovu. Aina tano za bidhaa kwa hali nne, tayari una klasi 20. Tena kwenye Java, lugha ya kuandikia programu, kitu kikishaundwa hakibadili klasi yake. Friza mbovu ya pale Mwaloni Kirumba ikifungwa kompresa nyingine, itabidi uunde kitu kipya na kuhamishia picha, historia na kila kinachoitaja ile ya zamani. Ya nini yote hayo?

Enamu ni afadhali. Java inayo tangu 2004, na mnunuzi anachuja kirahisi. Ila kwenye rekodi msihifadhi namba ya nafasi ya jibu kwenye orodha (la kwanza, la pili, la tatu)! Ukipachika "boksi limefunguliwa" kati ya "mpya" na "mtumba", rekodi za zamani zinasomeka vibaya: kilichokuwa mtumba jana, leo kinauzwa kama kimefunguliwa boksi tu. eBay, soko la mnada la mtandaoni, wanatumia namba zenye mapengo: 1000 ni mpya, 3000 imetumika, 7000 ni ya spea au haifanyi kazi. Katikati pana nafasi, ndiyo maana ipo hata 1500, ya mpya iliyofunguliwa boksi.

Lakini chukua injini ya boti. Inawaka vizuri, gia ya nyuma haishiki, propela imelika. Utaipa daraja gani? Mimi ningeweka ndani ya Bidhaa klasi ya HaliYaBidhaa yenye daraja, orodha ya kasoro, nani kasema na lini. Ikishaandikwa haibadiliki. Muuzaji akigundua jambo anaongeza kauli ya pili, na ya kwanza inabaki. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, sasa mkifikishana mbali mtaonyesha nini kama muuzaji alifuta na kuandika upya baada ya dau kuwekwa?

Mchangiaji, Nyegezi: Mkuu, hiyo ni ya darasani. Muuzaji wa Makoroboi anapiga picha mbili huku anahudumia wateja, hana muda wa kujaza kasoro kumi. Mpe hali nne achague moja, na sehemu ya kuandika apendavyo. Bidhaa zisipoingia, hizo klasi zitanadi nini?

Mwanzisha mada: Kasoro si lazima ajaze. Ila "hakuna kasoro" na "muuzaji hakusema" ni majibu mawili, na orodha tupu inayachanganya. Hapo ndipo mnunuzi anapopigwa.

Mchangiaji, Buzuruga: Naongezea: "mbovu" isifichwe wala kuzuiwa na programu. Kitu cha kwanza Pierre Omidyar, mwanzilishi wa eBay, kuuza kwenye mnada wake mwaka 1995, kabla haujaitwa eBay, kilikuwa kielekezi cha leza kilichoharibika. Kilienda kwa dola 14.83. Mafundi wetu wanaishi kwa spea.

Mchangiaji, Igoma: Mimi si mtu wa programu, nanunua friza za samaki. Hiyo ya "nani kasema" ndiyo naitaka. Neno la muuzaji na neno la fundi aliyeifungua visionekane sawa kwenye skrini.

Mchangiaji, Nyegezi: Haya, fundi akague. Nani anamlipa? Akilipwa na muuzaji, ni yaleyale. Akilipwa na mnunuzi, yule anayeshindwa dau anarudishiwa hela yake na nani?