KDF Somalia tangu 2011: El Adde walikufa wangapi, na vijana wetu wanarudi lini?

Wanajamvi, nimechoka na huu ukimya. Kila Januari tunaambiwa tuwakumbuke mashujaa wa El Adde, wanajeshi wetu wa Kenya (KDF) waliouawa kambini kwao Somalia 2016, na kila Januari hakuna kiongozi hata mmoja anayethubutu kutaja mashujaa hao walikuwa wangapi. Shujaa asiyehesabiwa anakumbukwa vipi?

Turudi mwanzo. Oktoba 2011 wanajeshi wetu walivuka mpaka. Watalii walikuwa wametekwa pwani ya Lamu, wafanyakazi wa misaada wakatekwa Dadaab, nchi nzima ikawa na hasira. Sina ugomvi na hasira ile. Lakini Katiba, kifungu cha 240, inasema Baraza la Usalama wa Taifa linapeleka majeshi nje ya nchi kwa idhini ya Bunge. Vifaru vikatangulia, Bunge likaja kuulizwa Desemba, mambo yakiwa yameshaiva, ili tujiunge na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika kule Somalia. Tukaambiwa tunajilinda kwa mujibu wa kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Sawa, tujilinde. Lakini lengo lilikuwa lipi hasa? Kuwafukuza al-Shabaab mpakani? Kismayu ilichukuliwa 2012. Kuilinda serikali ya Mogadishu? AMISOM ikageuka ATMIS Aprili 2022, ATMIS ikageuka AUSSOM Januari 2025. Jina linabadilika, sisi bado tuko kule, na hakuna aliyesimama kutuambia kazi itahesabika imekwisha siku gani.

Sasa El Adde. Tarehe 15 Januari 2016, alfajiri, lori lililojaa baruti liliingizwa kambini, kisha wapiganaji wakamiminika. Mkuu wa Majeshi wakati huo, Jenerali Mwathethe, alisema mlipuko ule ulikuwa na nguvu mara tatu ya bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi la 1998. Miili ikatua uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, mingine ikiwa imeharibika kiasi cha kuhitaji vipimo vya DNA kujua ni mtoto wa nani. Ibada ikafanyika Eldoret, kambi ya Moi, Rais wa Somalia Hassan Sheikh Mohamud akiwa ameketi pale pale. Mwezi uliofuata ni yeye, Rais wa nchi nyingine, aliyesema kwenye televisheni kwamba askari wetu waliouawa walikaribia 200. Serikali yetu ikakanusha. Haya, umekanusha, toa basi idadi yako! Haikutoa. CNN wakafanya hesabu zao wakafika 141. Mwanahabari mmoja aliyeandika mtandaoni kuhusu shambulio lile alikamatwa. Yaani mama aliyezaa akapeleka mtoto jeshini anategemea kituo cha Marekani kimwambie mwanawe alikufa na wenzake wangapi.

Na lile halikuwa jambo lisilotarajiwa, hapo ndipo ninapopandwa na hasira zaidi. Juni 2015 kambi ya Warundi ya Leego ilivunjwa. Septemba 2015 ikawa zamu ya Waganda, Janaale. Mtindo ule ule: gari la bomu langoni, kisha watu kwa wingi, na msaada unachelewa. El Adde ilikuwa ya tatu ndani ya miezi saba. Nani alizisoma ripoti za Leego na Janaale? Nani aliamua kambi ile ibaki vile ilivyokuwa? Mwaka mmoja baadaye, 27 Januari 2017, kambi yetu nyingine Somalia, Kulbiyow, ikashambuliwa hivyo hivyo. Jeshi likasema wamekufa tisa, al-Shabaab wakadai zaidi ya 50, na sisi tukaachwa katikati tuchague wa kumwamini.

Kuna watakaokuja hapa kusema kuuliza idadi ni kuwasaidia magaidi. Hapana. Ukinyamaza ndiyo unawasaidia, kwa sababu wao hawanyamazi. Wanatoa video na hesabu zao, za uongo au za kweli, na hakuna neno la serikali la kuzipima nalo. Mei 2023 Waganda walishambuliwa kwenye kambi yao ya Buulo Mareer, Somalia. Haikufika hata wiki mbili, Museveni mwenyewe akatangaza wamekufa 54. Jeshi la Uganda halikuvunjika kwa sababu ya kusema ukweli.

Tena huku nyumbani, ambako ndiko tuliambiwa tutalindwa, mambo ni yale yale. Jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, watu 67. Rais akaahidi tume ya uchunguzi, na tume hiyo haijaundwa hadi leo. Mpeketoni, Lamu, Juni 2014, zaidi ya 60. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi waliovamiwa alfajiri mabwenini. Recce, kikosi maalum cha polisi, kilikuwa Nairobi, na saa zikapita nyingi mno kabla hakijaingia pale.

Kabla hata ya Mpeketoni na Garissa, Aprili 2014, maelfu ya Wasomali walizolewa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, wakafungiwa uwanja wa Kasarani, wengine ni Wakenya wenye vitambulisho vyao mfukoni. Huo haukuwa ujasusi. Mmoja wa wauaji wa Garissa alikuwa mtoto wa chifu wa Mandera, amesoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake alikuwa ameripoti kwamba kijana katoweka. Mmoja wa waliovamia hoteli ya Dusit, Nairobi, Januari 2019 baba yake alikuwa mwanajeshi wetu. Kuzoa mtaa mzima hakungewanasa hao. Anayewanasa ni mzazi anayeamini kwamba akiripoti atasikilizwa, na mzazi huyo humpati kwa kumlaza sakafuni Kasarani.

Na msisahau basi la Mandera, Desemba 2015. Al-Shabaab walitaka abiria wajitenge, Waislamu huku, Wakristo kule. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake wakawapa wenzao mitandio wajifunike wasitambuliwe. Mwalimu Salah Farah akapigwa risasi kwa kukataa kwake, akafariki Januari iliyofuata. Hawa ndio waliolinda nchi siku ile, na ndio jamii ile ile inayosumbuliwa kwenye kila kizuizi cha barabarani kutoka Garissa kuja huku.

Pesa nazo? Ukuta wa mpakani Mandera ulimeza mabilioni, ukaishia uzio wa kilomita chache, hadi wabunge wakausimamisha 2019. Walimu wasio wenyeji wakahamishwa Kaskazini Mashariki 2020 baada ya wenzao watatu kuuawa Kamuthe, watoto wakabaki na madarasa yasiyo na mwalimu.

Ninachotaka si siri za vita. Sitaki ramani ya kambi wala idadi ya silaha. Kifungu hicho hicho cha 240 kinalitaka Baraza lipeleke ripoti Bungeni kila mwaka. Basi humo iandikwe waliokufa ni wangapi tangu 2011, kambi kwa kambi, na waliojeruhiwa, na familia ngapi zimelipwa haki zao. Iandikwe pia ni hali gani ikifikiwa Somalia ndipo tutafunga virago.

Mwenye idadi ya El Adde iliyotolewa rasmi na serikali yetu wenyewe, si ya CNN wala ya magaidi, aiweke hapa chini pamoja na tarehe iliyotolewa. Na walio na wabunge katika Kamati ya Ulinzi, waulizeni wiki hii, kisha mtuletee majibu kama mlivyojibiwa.